Bi Tamima Zahran na Chelezo cha Ukingo Mfupi

Sote ni wa Mwenyezi Mungu, na kwake tutarejea. Leo tumekusanyika hapa Chwaka kumsomea hitima Bi Tamima Zahran Suud, na familia imeomba maisha yake yaelezwe kwa ufupi, ingawa marehemu mwenyewe hakuwahi kusema jambo kwa ufupi.

Alizaliwa Malindi, Mji Mkongwe, tarehe 9 Juni 1947, mtoto wa pili wa Bwana Zahran Suud na Bi Lamya. Alihitimu Kurani chuoni, akasoma skuli za mjini, na mwaka 1967 akapata cheti cha ualimu. Alifundisha sayansi kimu na kazi za mikono mpaka alipostaafu.

Mwaka 1971 aliolewa na Bwana Simai Haroub, seremala wa hapa Chwaka. Ndugu zake wa mjini walidhani shamba hatamaliza mwezi. Alikaa mpaka akazikwa hapa, na lafudhi ya Malindi hakuiacha. Tulimwita Bi Mjini hata alipokuwa na wajukuu.

Kilimo cha mwani kilipoingia pwani yetu, aliwaona wanawake wakitoka baharini na magunia ya mwani mbichi vichwani, shingo zikiuma. Mwaka 1991 yeye na mumewe wakatengeneza chelezo cha kukokotea mwani majini: fremu ya fito juu ya madumu matupu, kamba ya kuvutia, na ukingo wa mbao usiozidi vidole vinne. Akakiweka barazani, akatangaza kwamba kila apitaye apime, aige na abadilishe apendavyo. Kaka yake, Bwana Hisham, mwenye duka la vyuma Darajani, alikuja mbio.

"Tamima, kiandikishe kwa jina lako, uuze. Manahodha wengi, chombo huenda mrama."

"Na penye wengi hapaharibiki neno, Kaka. Kunywa chai."

Miaka ya mwanzo alishinda yeye. Watu wa Marumbi waliongeza dumu moja, chelezo kikatulia. Wa Uroa walibuni fundo jepesi la kamba. Kila zuri lilirudi Chwaka bure, na wala Bi Tamima hakudai kwamba angeyawaza hayo peke yake.

Lakini umbo lilisafiri, sababu zake zikabaki barazani. Ukingo ule ulikuwa mfupi kwa makusudi, ili mzigo ukizidi, mwani uporomoke wenyewe kabla chelezo hakijapinduka. Kule Kiwengwa walidhani ni ubahili wa mbao. Agosti 1994, Bwana Bakar Msabah alimtengenezea mkewe, Bi Khawla, chelezo chenye ukingo wa shubiri mbili. Kikajazwa pomoni, kikapinduka mkondoni na kumlalia Bi Khawla. Wenzake walimtoa akiwa hai, ila mguu wa kulia ulivunjika vibaya, na mpaka leo anachechemea.

Watu hawakusema chelezo cha Bakar. Walisema chelezo cha Bi Tamima. Jambo hilo lilimchoma, maana aliogopa kuwa sadaka yake imegeuka dhambi.

"Nshakwambia," Bwana Hisham akamwambia. "Kila mtu anakata anavotaka, lawama unabeba wewe. Wapige marufuku."

"Nikiwapiga marufuku watatengeneza kwa kujificha, Kaka. Wakijificha, mimi n'tajuaje walipokosea?"

Akaenda Kiwengwa. Ufukweni alikijaza chelezo chake mbele ya wanawake mpaka mwani ukaporomoka, wakaelewa. Kisha akaenda kwa Bi Khawla kumwomba radhi. Bi Khawla, mguu ukiwa umefungwa, hakujibu la radhi. Alijibu la chelezo.

"Mwani huo tumeulima kwa mgongo, Bi Tamima. Hatutaki uanguke. Tia sakafu ya wavu, maji yachujike, mzigo upungue uzito."

Bi Tamima akakubali kwa neno moja, jambo la nadra. Tangu hapo vyelezo vyake vyote vilikuwa na sakafu ya wavu, ambayo aliiita "ya Khawla", na hakuna aliyeondoka na vipimo kabla ya kumweleza yeye sababu ya kila kipande. Wengine waliona anasumbua. Hakujali.

Mwaka 2003 alipatwa na kisukari, baadaye figo zikadhoofika. Hakulalamika sana, ila lile la radhi lilimkera, akausia kwamba akifa Bi Khawla aulizwe tena. Alifariki nyumbani tarehe 11 Machi 2007, akazikwa siku hiyo hiyo.

Ameacha mume, Bwana Simai, watoto watatu, Nassra, Haroub na Khamisa, wajukuu, na kaka yake, Bwana Hisham, ambaye sasa anauza kamba za vyelezo na hataki kuulizwa habari hiyo.

Familia inaomba yeyote aliyekosewa na marehemu amsamehe. Bi Khawla alikuja kutoka Kiwengwa asubuhi ya msiba, akamkosha marehemu kwa mikono yake. Bi Nassra alipomfikishia wasia, alisema: "Kwa mguu huu gunia siliwezi. Miaka yote hii nimelisha wanangu kwa chelezo chake. Mimi nilimsamehe zamani, nilikuwa naona haya kumwambia."

Naye Mola wake amsamehe vilevile, na ampe mapumziko ya amani. Amin.