Panya wa Ng'ambo ya Luangwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti. Leo tunamlilia Towera Zgambo. Towera wa Lundazi, aliyesomea panya. Mnacheka? Chekeni tu, hata baba yake, Mzee Jailos, alicheka.

"Mwanangu, panya nimekuchimbia tangu hujaota meno. Umekwenda chuo kikuu kusomea mboga?"

Maana kwetu panya ni mboga, tena ya heshima. Mwindaji huchoma nyasi, mashimo yakaonekana, akachimba. Ndipo mabwana misitu walipokuja na maneno yao: hapa palikuwa na msitu, ninyi na mioto yenu mmeugeuza mbuga ya nyasi. Mzee Jailos alikemewa hivyo mbele ya kijiji kizima, Towera mdogo kamshika mkono. Neno lile binti hakulisahau.

Akaapa kuutafuta ukweli kwa panya wa nyasini, yule asiyekaa msituni. Kila panya hubeba vinasaba vya mababu zake. Linganisha wa huku na wa kule, utajua ni lini nyasi zao ziliungana, na ni lini misitu ilizitenga. Ikiwa panya hao walikuwapo kabla binadamu hajafika, basi nyasi nazo ni za kale, na mzee hana kosa. Towera alihitaji ncha ya mkia tu, ikiwa mbichi, aitie kichupani; ikipita motoni, vinasaba huharibika.

"Mkia wewe, nyama sisi!" baba yake akamtania. "Hasara ni ya nani hapo?"

"Yako, Baba. Hadithi yote iko mkiani."

Alikusanya miaka na miaka. Pakabaki mahali pamoja: ng'ambo ya mto Luangwa, penye kipande cha nyasi kilichozungukwa na msitu. Bila panya wa huko, kazi isingekamilika. Akawaagiza wawindaji, akangoja. Kilichotangulia kufika ni saratani.

Akarudi nyumbani kwa baba yake. Siku zikapita, hatii kitu kinywani.

Asubuhi moja, Towera akiwa usingizini, mwindaji alifika na panya mmoja, kamfunga kwa majani. "Wa Towera huyu. Katoka ng'ambo." Akaenda zake. Kwetu mgonjwa huletewa panya, hakuna la kuuliza. Mzee Jailos akamchemsha, akamtia chumvi, akamkausha juu ya moto, mkia na yote.

"Amka, mama. Umeletewa kutoka ng'ambo. Onja hata kidogo."

Wasikilizaji wapendwa, Towera alijua. Alimtazama panya sahanini, akamtazama baba yake. Akaushika ule mkia kwa vidole viwili, akakaa nao. Kisha akautia kinywani. Akammaliza panya yule, hakubakisha mfupa.

"Mtamu, Baba. Chumvi imekolea."

Mzee alitoka nje akipiga makofi. Mwanangu kala! Majirani, mwanangu kala! Wiki ile ile Towera akafariki.

Msibani alikuja Mwiza Kumwenda, aliyefanya kazi na Towera. Mkononi ana kichupa kitupu. "Pole sana, Mzee. Kuna panya wa ng'ambo ambaye Towera alikuwa akimngoja. Ameletwa?" Akamweleza yote, mpaka yale ya mabwana misitu. Mzee Jailos akakaa chini, pale pale mchangani.

"Kumbe alikuwa akinitetea mimi. Na mimi nimempika."

"Tutamtafuta mwingine, Mzee."

"Mtampata, binti yangu. Wangu mimi sitampata."

Ndugu zetu wa Lundazi, ukoo wote wa Zgambo, poleni. Pole zaidi kwako, Mzee Jailos. Tulipokuuliza tuwaambie nini wasikilizaji, ulifuta macho, ukasema hivi: mwambieni kila mzazi, jioni hii aketi na mwanawe, amuulize kazi yake ni nini. Amuulize mpaka aelewe. "Mimi nilicheka tu," ukasema, "naye akala."