Tele Haitoshi

Ndani ya basi, fundi cherehani alipakata gauni jeupe la bibi harusi, macho yake hayabanduki kwenye sufuria ya mchuzi iliyojaa pomoni, bila mfuniko, mapajani mwa bibi jirani yake. Bibi alikuwa akimkabili mwalimu wa Kiingereza, kiti cha mbele.

"Mjukuu wangu kaandika abound ni kuwa tele. Ukamnyima maksi!"

"Tele haitoshi, mama. Asili yake ni Kilatini, neno la wimbi: maji yanajaa mpaka yanamwagika."

"Kinachomwagika si tele, mwanangu. Ni hasara!"

Fundi aliomba wimbi hilo libaki hukohuko Kilatini. Dereva akakanyaga breki kituoni.

"Umeona? Abound!" mwalimu akashangilia.

"Hasara!" bibi akajibu.

Wakamgeukia fundi, gauni likichuruzika mchuzi, awaamulie.