Kwa Niaba ya Aliyetokea Ng'ambo

Mheshimiwa Naibu Waziri, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Liberatus Kihwele, mbunge wa jimbo hili, pamoja na mkeo, mama yetu Frida, anayekushika mkono hapo kivulini, Baba Paroko na Mchungaji wetu, waheshimiwa madiwani, Bwana Bipin, mfanyabiashara wa Mlandege kule Iringa mjini, uliyefunga duka siku ya kazi ili uwe nasi, ndugu wageni waalikwa, wananchi wa huku Idodi na wananchi wa ng'ambo: kamwene!

Mmeitikia kwa huruma, nimesikia. Mimi ni Mnyakyusa, ni mbunge wa jimbo la kule Mbeya, na Kihehe changu kinaishia kwenye salamu hiyo moja. Najua wapo wanaojiuliza: huyu Tupokigwe wa Mbeya anatafuta nini kwenye ufunguzi wa daraja letu? Mshereheshaji amenipa muda wa salamu tu, lakini nimemwomba anivumilie, kwa sababu kilichonileta hapa hakijawahi kusemwa hadharani, na mto huu wa Kihanzile una haki ya kukisikia.

Nianze na Mheshimiwa Liberatus. Ndugu zangu, mimi na mbunge wenu tulikuwa hatuivi chungu kimoja. Tuligombana juu ya barabara, yeye akivutia Iringa na mimi nikivutia Mbeya, tukafika mahali tukipishana kwenye korido za Bunge kila mmoja anaangalia simu yake. Lakini hata mtu usiyesalimiana naye unaweza kumheshimu. Bajeti baada ya bajeti, wenzetu wakiuliza habari kubwa kubwa za kuwapeleka magazetini, yeye alikuwa akiinuka na daraja hili la waya, akarudi kuketi na ahadi, akainuka tena. Tulimcheka. Tulimwita Mheshimiwa Daraja. Nani kati yetu aliyemcheka angeweza kuuliza jambo moja kwa miaka yote hiyo bila kuchoka na bila kutukana mtu?

Kisha daraja likakatika, na watu watatu wakachukuliwa na maji. Mnawajua kuliko mimi. Mmoja wao alikuwa Juliana, muuguzi wa zahanati yenu, binti wa Mzee Sosthenes. Kamati iliyoundwa kuchunguza ikaandika kwamba daraja lilikuwa limefungwa, kwamba vibao vya katazo vilisimama pande zote mbili, kwamba cha ng'ambo kilizolewa na mafuriko, na kwamba muuguzi aliwaongoza wenzake wawili kuvuka huku akijua. Ndivyo ilivyoandikwa, na ndivyo ilivyoaminiwa. Sikuja hapa kumlaumu mtu aliyeamini. Aliyefiwa hutafuta mahali pa kuweka uchungu wake, na uchungu wenu mliuweka mlangoni kwa Mzee Sosthenes. Ikawa akipita sokoni, watu wanageukia mboga zao. Ikawa kanisani benchi lake ni lake peke yake. Ikawa hata misumari ya bati anaifuata Iringa mjini, kwa sababu madukani huku hakuna aliyemwitikia salamu.

Mimi hayo yote sikuyajua. Naomba mlishike hilo. Habari za ajali nilizisikia redioni kama Mtanzania mwingine yeyote: watu watatu, daraja, mvua. Jina la Juliana sikuwahi kulisikia.

Ulikuwa msimu wa bajeti, Bunge linaketi Dodoma, ndipo Mheshimiwa Liberatus akapatwa na kiharusi. Akarudishwa Iringa, akalazwa, upande wa kulia umelala na sauti imekwenda. Siku chache baadaye nikapigiwa simu na Mama Frida.

"Dada Tupo," akaniambia, "kesho swali la mzee limepangwa. Asiposimama mtu, litapita hivi hivi."

"Mama, mimi na mzee wako si unajua..."

"Najua. Ndiyo maana nimekupigia wewe. Rafiki zake wote wameniambia wana vikao."

Ningekataaje?

Asubuhi hiyo ilikuwa kama asubuhi zote za Bunge. Dua ikasomwa, hati zikawekwa mezani, Katibu akaita maswali. Tukapita kwenye maji, tukapita kwenye umeme, wenzangu wengine wakisoma magazeti chini ya meza. Mwenyekiti aliyekuwa kitini akamwita Mheshimiwa Kihwele. Nikawasha kipaza sauti nikasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, kwa niaba ya Mheshimiwa Liberatus Kihwele, naomba swali lake lipatiwe majibu." Naibu Waziri, naye kwa niaba ya Waziri wake, akajibu kama alivyoandikiwa: Serikali inatambua umuhimu wa daraja hilo, ajali ilitokana na wananchi kupita wakiongozwa na muuguzi kinyume cha katazo lililowekwa pande zote mbili, ujenzi utafikiriwa kadiri hali itakavyoruhusu.

Kanuni inampa muulizaji maswali mawili ya nyongeza. La kwanza niliuliza vizuri: ujenzi utaanza lini? Nikasema, "La pili, Mheshimiwa Mwenyekiti," nami nilikusudia kumwomba Naibu Waziri aje apaone mahali penyewe kwa macho yake.

Sentensi hiyo sikuifikia.

Baridi ilinishika miguuni. Sisi tuliolelewa milimani baridi tunazijua kwa aina zake, ya umande, ya upepo, ya homa. Na hii haikuwa ya kiyoyozi. Ilikuwa baridi ya maji yanayokwenda. Ikapanda magotini, ikafika kiunoni, ikanifika hapa, kifuani. Nilimwona Mwenyekiti akinitazama, niliona taa ya kipaza sauti inawaka, na nikausikia mdomo wangu, kwa sauti yangu hii hii mnayoisikia, ukisema:

"Upande niliotokea hapakuwa na kibao. Pale ni jiwe tupu, kibao kingesimama wapi? Nilikwenda juzi kuzalisha, daraja likiwa wazi, na niliporudi nikawaambia wenzangu tuwahi kabla mvua haijazidi. Kamba ya kulia ndiyo iliyokatika. Nilishika ya kushoto. Naomba kuuliza: baba yangu ataanza kusalimiwa lini?"

Kuna mtu nyuma alianza kucheka, akaacha. Mwenyekiti akasema taratibu, si kwa ukali, "Mheshimiwa Tupokigwe, umesema 'nilishika'?"

Nilitaka kumwambia hapana, nimeteleza ulimi. Meno yalikuwa yanagongana. Nikaketi.

Na hapa, mgeni wetu rasmi, naomba nikusifu mbele ya watu, maana uliyesimama kujibu siku ile ulikuwa wewe. Ulikuwa na karatasi mkononi yenye majibu ya kila swali ambalo mbunge angeweza kuuliza. Uliitazama, ukaikunja, ukasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, naomba nikajiridhishe." Watu walinong'ona kwamba Naibu Waziri ameshindwa. Ndugu wananchi, katika nyumba ile nimesikia majibu mengi yaliyokamilika. Hilo lisilokamilika ndilo lililojenga daraja hili.

Mchana ule nilipangwa kuchangia mjadala wa kilimo, niwasemee wakulima wangu wa viazi. Nilipoitwa, sauti haikutoka. Mbunge jirani yangu alinifunika kitenge chake, huku Dodoma nzima inatoka jasho, akaniuliza kama nina malaria. Nikatikisa kichwa. Mchango wangu nikaupeleka kwa maandishi.

Wiki ilipokwisha nikashuka Iringa kumwona mgonjwa. Mama Frida hakunisubiri niketi.

"Dada, nani alikwambia yale?"

"Nilidhani wewe ndiye utakayeniambia mimi..." nikasema, nikaona aibu kumalizia.

Akanivuta pembeni ya kitanda. "Nilimwekea redio karibu na sikio," akasema. "Uliposema 'la pili', nikaona midomo yake inatembea. Nikafurahi, nikadhani anakufuatisha. Nikatega vizuri. Dada Tupo, hakuwa anakufuatisha. Alikuwa anakutangulia. Anafunga mdomo, ndipo wewe unamalizia."

Mama Frida yuko hapa. Nimemwomba ruhusa ya kulisema hili, na amenipa.

Basi nikadhani nimepata jibu. Nilisema moyoni: mzee huyu amelipenda daraja lake hata ugonjwa umeshindwa kumzuia, amenitumia mimi kuwa ulimi wake. Ingekuwa ajabu, lakini ajabu ya kibinadamu, na ningeweza kuishi nayo. Nikainama nikamwuliza, "Mheshimiwa, ulikuwa wewe?"

Mheshimiwa Liberatus, unakumbuka ulivyonijibu? Ulitikisa kichwa. Nikarudia, labda hukusikia. Ukatikisa tena, na macho yako yalikuwa yanalia. Kisha ukanyanyua mkono wa kushoto, ule uliokuwa na nguvu, ukaulaza hapa kifuani kama mtu anayeonyesha kimo cha maji. Palepale. Nilikuwa sijamwambia mtu yeyote kuhusu baridi ile, wala mume wangu.

Nilikaa chini, kwenye kiti cha wagonjwa, nikaogopa kuliko nilivyoogopa bungeni. Nilisimama kwa niaba ya Liberatus. Je, Liberatus alikuwa amelala pale kwa niaba ya nani?

Jioni, nikitoka hospitali, nikapita Mlandege kununua maji ya kunywa safarini, na aliyekuwa kwenye kaunta ni Bwana Bipin. Alinitazama sana. Akasema, "Wewe ndiye mheshimiwa wa lile swali. Kaa kidogo." Akanieleza kwamba asubuhi ile televisheni yake ilikuwa inaonyesha Bunge, na Mzee Sosthenes alikuwa pale anapimiwa misumari.

"Mimi nilisikia sauti yako tu, mheshimiwa, kama mtu yeyote anavyosikia," Bwana Bipin alisema. "Lakini mzee aliacha misumari kwenye mizani, akasogea mpaka kwenye kioo, akasema, 'Nipo, mama. Nipo hapa.' Nikamwuliza, mzee, unaongea na nani? Akanishangaa mimi. Akasema, 'Bipin, hujasikia? Si mtoto wangu huyo?'"

Wananchi wenzangu, sina elimu ya mambo haya, na Baba Paroko na Mchungaji wameshanitazama mara mbili. Sisemi nimeona nini, kwa kuwa sikuona. Nawasimulia kilichonipata, na kilichofuata mnakijua wenyewe, kwa kuwa kilifanyika mbele ya macho yenu. Naibu Waziri alikuja. Alikunja suruali, akazunguka kwa kivuko cha juu, pale mto unapovukika kwa miguu maji yakipungua, mpaka ng'ambo, akauliza nguzo ya kibao ilichimbiwa wapi. Wazee wa ng'ambo wakamwonyesha jiwe, jiwe tupu, shoka lenyewe haliingii. Akaagiza stoo ya waliokuwa wakilinda daraja ifunguliwe, na kibao cha pili kikakutwa humo, kimeegeshwa ukutani, rangi mpya, hakijaonja tone la mvua. Akarudi Dodoma, akasimama mahali palepale alipokuwa amesema 'nikajiridhishe', akalifutia kosa jina la Juliana, akalitaja kamili, na akamwomba radhi baba yake. Ni wangapi wenye vyeo wanaorudi na karatasi iliyokunjwa kuikunjua mbele ya watu?

Na ninyi, watu wa hapa, nawasifu pia, kwa kuwa niliambiwa mlivyofanya Jumapili iliyofuata. Niliambiwa familia mbili zilizofiwa pamoja na Juliana zilitoka kwenye mabenchi yao, zikaenda kuketi kwenye benchi la Mzee Sosthenes, huku na huku, mpaka mzee akabanwa katikati. Hamkumwambia kitu. Mlimsalimia tu. Swali la pili la nyongeza lilijibiwa siku hiyo, na lilijibiwa nanyi.

Sasa nifike mwisho. Ratiba inasema mgeni rasmi akate utepe kisha avuke wa kwanza, nasi tumfuate. Tumezungumza naye asubuhi hii, na amekubali tubadilishe. Utepe tumeuondoa. Mzee Sosthenes alituomba jambo moja tu: avuke yeye kwanza, na asianzie huku. Alisema, "Mwanangu alikuwa anarudi nyumbani. Alitokea kule. Niacheni nikamchukue." Kwa hiyo alfajiri akasindikizwa kwa kivuko cha juu, na tangu tulipoanza sherehe yuko ng'ambo, amesimama juu ya jiwe lile, ananisubiri ninyamaze.

Geukeni mtazame. Ndiye yule mwenye koti. Ameanza.

Naomba kinamama msipige vigelegele kwanza, na bendi isubiri. Mtaona hapiti katikati ya daraja, ingawa ni pana na ni lote lake. Amebana upande mmoja, kama mtu anayempisha mwenzake nafasi. Mtaona pia mkono wake wa kulia haukushika kamba. Ameunyoosha kidogo, na vidole vimefumba. Msiniulize vimefumba juu ya nini. Mimi natoka Mbeya.

Mgeni rasmi, waheshimiwa, wananchi wa huku na wa ng'ambo, asanteni kwa masikio yenu na subira yenu. Sogeeni pembeni, acheni njia. Wapisheni.