Jani la Bu Ranti Lililoinama Kushoto

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo popote mlipo. Mimi ni Harnoko. Saa hii, kama kila Jumapili, tunamkumbuka mmoja wetu aliyetangulia. Leo ni Bu Wiranti wa Getasan, ambaye nusu ya akina mama wa mlima huu wa Merbabu walimwita Bu Ranti. Alifariki Jumamosi, tarehe kumi na moja Oktoba, saa mbili asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na sita.

Niseme mapema kwamba sikuwa rafiki yake. Nilizungumza naye mara mbili tu, zote kwa simu, na mara zote mbili alikuwa akinirekebisha. Siku moja nilisema hapa hewani kwamba jana yake ilinyesha mvua kubwa sana. Muziki haujaisha, simu ikalia. "Pak Harnoko, ilikuwa milimita kumi na nne. Kubwa sana inaanzia hamsini." Akakata.

Alikuwa na haki ya kusema. Miaka thelathini na mmoja Bu Ranti alipima mvua kwa ajili ya ofisi ya umwagiliaji. Kila siku, saa moja asubuhi, alikwenda kwenye kipimo, akasoma, akaandika. Hata siku aliyoolewa alisoma kipimo kwanza. Mumewe, Pak Jumeno, anasema walimsubiri na gari likiwa linanguruma. "Nikajua mvua ilimwoa kabla yangu," anasema mzee huyo.

Alipostaafu alibaki na kipimo kimoja uani, na tabia hiyo akaipeleka pia kwenye kufuma. Yeye na wenzake wawili walianzisha kundi la mtandaoni la wafumaji wa vitambaa, Nyuzi za Merbabu. Mke wangu yumo, ndiyo maana habari zake nazila na wali kila jioni. Kundi lina watu elfu nne. Nasema tena, elfu nne. Wanaonyesha mitandio, vitambaa vya meza, vikofia vya watoto. Wanauziana, wanafundishana, na wanagombana.

Bu Ranti alikuwa msimamizi, na alikuwa na daftari. Nimelishika kwa mikono yangu. Kila siku ina safu tatu: tarehe, idadi ya machapisho, idadi ya ugomvi. Siku moja ya Novemba, mvua imefunga watu ndani: machapisho mia mbili na kumi, ugomvi mmoja. Siku moja ya wiki ya Idi: machapisho sita, magomvi manne.

Miaka tisa ya daftari inasema jambo lile lile. Kundi hulala tangu katikati ya Ramadhani. Watu wanasafiri kwao, mikono inasuka majani ya ketupat, vile vifuko vya kupikia wali wa Idi, badala ya kufuma uzi. Baada ya Idi wateja wameshanunua walichotaka kununua, kwa hiyo kazi hakuna. Hapo ndipo ugomvi unapopanda. Pembeni ya ukurasa mmoja ameandika: "Mikono ikikosa kazi, mdomo huajiriwa."

Akaweka kanuni. Ugomvi wowote unaozuka wakati kundi limelala hauamuliwi. Unawekwa kando mpaka machapisho yarudi kufika mia moja kwa siku. Mwaka mmoja, akina mama wawili waligombana siku tano kwa sababu ya kifuniko cha birika. Mmoja alifuma kuku, mwenzake akamsifia kwa bata wake mzuri. Ndugu zao wakaingia, majirani wakaingia. Bu Ranti akaandika tu: "Litaamuliwa msimu ukirudi." Msimu uliporudi, aliwaita wote wawili. Wakamuuliza, "Kuku gani?"

Kanuni hiyo ilifanya kazi miaka yote. Aliivunja mara moja tu, wasikilizaji wapendwa, na aliivunja yeye mwenyewe.

Bu Ranti alikuwa na jani lake. Katika mtandio wake maarufu, mstari wa thelathini na moja, jani lina mafundo matano pale ambapo mafumo mengine yana sita. Kwa sababu hiyo linainama kushoto kidogo, kama limepigwa na upepo. Watu walilipenda, na kundi likalifanya nembo yake. Lilijulikana kama jani la Bu Ranti, na yeye aliamini kwamba alilibuni.

Miaka mitatu iliyopita, siku ya tisa baada ya Idi, mama mmoja wa Ambarawa aitwaye Lasmini aliweka picha ya mtandio aliokuwa anauza. Jani lake lilikuwa limeinama kushoto, na jina la Bu Ranti halikutajwa. Maneno yakaanza. Huyu mwizi. Huyu hana haya. Lasmini akajibu kwa mstari mmoja: "Jani hili nimefundishwa na shangazi yangu."

Siku hiyo kundi lilikuwa na machapisho manane. Kwa kanuni, hakuna wa kuhukumiwa. Bu Ranti alimtoa Lasmini saa hiyo hiyo, akaandika mbele ya wote: "Mwizi wa kazi za watu hana nafasi hapa."

Ilikuwa sentensi moja tu. Wateja wote wa Lasmini walikuwa ndani ya kundi lile, wakamkimbia. Akaweka sindano chini na kwenda kushona vifungo kiwandani, na huko yuko mpaka leo.

Ramadhani ya mwaka huu, Bu Ranti alikuwa akisafisha kabati. Ndani ya mkebe wa biskuti alikuta karatasi iliyokunjwa mara nne. Ilikuwa karatasi ya mafunzo ya kufuma waliyogawiwa akina mama wa tarafa nzima, mwaka elfu moja mia tisa themanini na tatu. Yeye alikuwa msichana, na alijifunza kufuma kwa karatasi hiyo. Mstari wa thelathini na moja, jani, mafundo matano. Aliyeichora aliruka fundo moja. Wanawake wote waliojifunza kwa karatasi hiyo, jani lao liliinama kushoto.

Binti yake, Anggit, alikuwa jikoni akiandaa futari. Anasema alimsikia mama yake akihesabu kwa sauti. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kisha tena tangu moja. Alihesabu mara kumi hivi.

"Mama, kuna nini?"

"Nimemwita mtu mwizi," akasema Bu Ranti, "na mimi ndiye niliyesahau nilikolitoa."

Idi ilipofika, siku ya tatu, alimwambia Anggit ampeleke Ambarawa. Lasmini aliwakaribisha. Aliwaketisha, akamimina chai, akafungua mikebe yote ya biskuti, kama adabu inavyotaka. Bu Ranti akamshika mikono kwa mikono miwili, akatamka maneno yanayosemwa kila Idi.

"Nisamehe, Mbak Lasmini, ya dhahiri na ya moyoni."

"Nami nisamehe, Bu, ya dhahiri na ya moyoni."

Anggit akashusha pumzi, akidhani yamekwisha. Akachukua biskuti ya nanasi. Lasmini akaongeza: "Hiyo ni ya Idi, Bu. Siku ya Idi namsamehe hata jirani anayenitupia taka uani. Ya kundi ni nyingine."

Bu Ranti akatoa karatasi. Lasmini hakuifungua.

"Mimi nilikuwa najua. Anayehitaji karatasi ni wewe."

"Basi unataka nini, Mbak?"

"Ulinitukana mbele ya watu elfu nne. Sasa unaniomba radhi mbele ya mikebe ya biskuti."

Anggit anasema alitafuna ile biskuti taratibu ili isitoe sauti. Bu Ranti akasema, "Ni haki yako." Wakanywa chai, wakaaga.

Kwenye gari ndipo mama na binti walipoanza kushindana, na walishindana miezi sita.

"Andika leo, Mama. Simu hiyo hapo."

"Leo kundi lina machapisho sita. Watasoma watu kumi. Nilimvunjia heshima mbele ya elfu nne, nimrudishie mbele ya kumi? Huko si kuomba radhi, ni kujificha. Msimu ukirudi nitaandika. Subira huvuta heri."

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Usinijibu kwa methali, mimi ndiye niliyekufundisha."

Akajiwekea kipimo. Siku machapisho yatakapofika mia moja na hamsini, ataandika. Si kabla.

Mwezi wa Juni daktari alimwambia moyo wake umepanuka. Anggit akamsihi tena. Julai machapisho yalikuwa ishirini na mawili kwa siku. Agosti, arobaini. Kila asubuhi alisoma kipimo cha mvua uani, kisha akafungua kundi na kuhesabu, kisha akafunga. Septemba, sitini na tano. Miguu ilikuwa imevimba, akawa anatembea kwenda kwenye kipimo kwa kushika ukuta.

Nilimuuliza Anggit kama ilikuwa ni hesabu tu. Akasema: "Mama aliogopa pia, Pak. Nembo ya kundi ni lile jani. Akiandika, jani si lake tena. Nadhani alilipenda kuliko alivyonipenda mimi." Akacheka, kisha akalia. Daftari halina safu ya woga, kwa hiyo nachukua neno la binti.

Ijumaa, tarehe kumi Oktoba, machapisho tisini na saba. Jumamosi asubuhi Bu Ranti alitoka uani kusoma kipimo. Kilikuwa kikavu. Alirudi, akaketi kwenye kiti cha barazani, akaomba chai. Chai ilipofika alikuwa amekwisha fariki. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Siku iliyofuata kundi lilipata machapisho elfu moja mia tatu na arobaini. Idadi hiyo haijawahi kufikiwa. Watu waliokuwa kimya miaka miwili waliibuka kumlilia. Anggit akaona kwamba siku aliyoingoja mama yake imefika, japo mwenyewe hayupo. Barua ya kuomba radhi ilikuwa tayari kwenye simu ya marehemu, tangu wiki ya Idi. Akaiweka kundini, pamoja na picha ya ile karatasi.

Ilikaa dakika arobaini. Mmoja akaandika: "Huna haya, unamwaibisha mama yako na udongo haujakauka?" Mwingine akajibu: "Mwacheni, wosia huo." Wa tatu akasema karatasi ni ya kughushi. Wakatoana maneno mpaka wasimamizi wawili waliobaki wakaifuta barua, kwa nia njema, ili kulinda jina la marehemu. Lasmini, ambaye hayumo kundini, hakuiona.

Ndiyo maana Anggit alikuja hapa studio Jumatano, akanipa barua imeandikwa upya kwa mkono. Mke wangu aliniambia nisiisome. "Utatugombanisha mtaa mzima," alisema. Inawezekana. Lakini wosia ni wosia, na barua hii iliandikiwa watu wengi. Naisoma kama ilivyo.

"Mimi Wiranti, msimamizi. Siku ya tisa baada ya Idi, miaka mitatu iliyopita, nilimtoa Lasmini wa Ambarawa nikamwita mwizi. Siku hiyo machapisho yalikuwa manane, kwa hiyo nilivunja kanuni yangu. Jani si langu. Limo kwenye karatasi ya mafunzo, mstari wa thelathini na moja. Mimi nilijifunza humo nikasahau. Shangazi yake Lasmini alijifunza humo akakumbuka. Hiyo ndiyo tofauti kati yetu. Lasmini hakuiba kitu. Aliyechukua ni mimi: nilichukua jina lake na kazi yake. Namwomba radhi mbele yenu nyote. Msinitetee."

Mwisho wa barua. Narudia, wasikilizaji wapendwa, kwa wale waliochelewa kufungua redio: Lasmini wa Ambarawa hakuiba kitu.

Kabla ya kuisoma nilimpigia simu Lasmini, kwa kuwa jina lake ndilo linalotajwa. Nilimsomea yote. Upande wa pili nilisikia mashine za kiwanda. Nikamuuliza kama anaridhia nisome.

"Soma, Pak."

"Na nikisema umemsamehe?"

"Usiseme. Hilo si la redio. Miezi sita nilimngojesha, nikijua anaumwa. Anggit aliniambia tangu Juni. Ningeweza kumpigia, nikamwambia Bu, basi, inatosha. Sikupiga. Nilitaka wote wasikie. Nitakwenda kumwambia mwenyewe. Kaburi liko upande gani wa msikiti?"

Sikujua. Nilimwambia nitaulizia.

Kwa niaba ya redio hii natoa pole kwa Pak Jumeno, kwa Anggit na familia yote ya Getasan. Mungu awape subira, na amlaze marehemu mahali pema. Pole pia kwa akina mama wa Nyuzi za Merbabu, wa upande huu na wa upande ule. Kila mmoja wetu jioni hii atafakari jina moja, la mtu ambaye bado hajamwomba radhi. Mnalijua ni lipi, hamhitaji mimi niwatajie.

Na pole kwako, Mbak Lasmini. Hukuwa ndugu wala rafiki wa marehemu, lakini nawe umefiwa. Nimeulizia. Ukitoka mlango mkubwa wa msikiti, shika kulia, pita birika la kutawadha. Safu ya tatu, kaburi la pili kutoka ukutani. Bado hawajaweka jiwe. Anggit anasema njoo siku yoyote, na kama ukimkuta amekaa hapo, kaa naye.