Bi. Ishbel Mowat na Pumzi ya Kanda ya Sabini na Moja

Ijumaa hii, tarehe 27 Juni, Bi. Ishbel Mowat anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika Hifadhi ya Sauti hapa mjini Wick. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kanda za wazee wetu na kuandika walichosema, neno kwa neno.

Nasisitiza, neno kwa neno. Wakubwa walitaka kila "ken", yaani "unajua", na kila "aye", yaani "ndiyo", iondolewe, eti ni makapi. Bi. Ishbel akakataa katakata. Mkurugenzi mmoja alipomkaripia, alimjibu, "Mzee wa huku ukimnyang'anya 'ken' yake, umemkata ulimi. Kwani wewe si kutwa nzima 'unajua, unajua'?" Mkurugenzi akaanza, "Unajua, Ishbel..." Tulicheka wiki nzima.

Lakini ukaidi ule ulikuwa na sababu, na ameniruhusu niiandike. Kanda ya sabini na moja ni ya mama yake, Jessie-Ann, akisimulia jinsi mashua ya mumewe, baba yake Bi. Ishbel, ilivyozama naye. Ilirekodiwa miaka minne baada ya msiba. Kila Jessie-Ann anapouliza "ken?", kuna mtu anaitikia "aye" kwa kuvuta pumzi ndani, kama tufanyavyo huku kwetu. Mtafiti aliyemrekodi alitoka London, hata kuigiza "aye" hiyo hakuweza, na mpaka leo anaapa kwamba chumbani walikuwa wawili tu. Bi. Ishbel hana sauti nyingine ya baba yake. Mimi nilidhani ni upepo, mpaka nilipoisikiliza mwenyewe.

Mwezi uliopita nilifanya kosa. Nilipitisha kanda zote kwenye mtambo mpya wa kusafisha sauti na kuondoa hayo "makapi", na hiyo ya sabini na moja ikiwemo. Kanda yenyewe ilikuwa imechakaa, ikakatikakatika humo humo. Ikabaki nakala iliyosafishwa tu. Nilimwendea nikamweleza. Hakunigombeza. Alisema tu, "Haya, Donnie, tusikilize ulichonibakizia."

Mtambo ulikuwa umefagia kila kitu. Jessie-Ann alisimulia mfululizo kama msoma taarifa ya habari, bila "ken" hata moja, bila wa kumwitikia. Bi. Ishbel aliinamisha kichwa, nami nikatamani ardhi inimeze. Hadithi ikaisha, kukawa kimya. Kisha pumzi ikavutwa, karibu kabisa na kipaza sauti. "Aye." Ikaja nyingine, na nyingine. Tulihesabu kumi na moja, idadi ile ile ya zilizokatwa.

Bi. Ishbel alilia. Halafu naye akavuta pumzi, akaitikia.

Nakala hiyo tumeifunga vizuri aende nayo nyumbani. Kwa niaba ya wafanyakazi wote, Bi. Ishbel, asante kwa masikio yako na kwa kutuvumilia. Tunakutakia maisha mema, wewe na huyo anayekuitikia.

Donnie Swanson, chumba cha kanda