Marehemu Anselmo Kamugisha, Mpiga Video wa Kamba Mguuni

Wapendwa waombolezaji, Anselmo Kamugisha alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 kijijini Kanyigo, Bukoba, akasoma hukohuko hadi darasa la saba mwaka 1971, na mwaka 1978 akaja Dar es Salaam, akapanga chumba Temeke na kupata kazi kiwandani, mpaka alipopunguzwa mwaka 1989 pamoja na wenzake wengi.

Watu walidhani atarudi kwao, kumbe anatafuta kamera ya video iliyotumika, akawa anapiga harusi na vipaimara peke yake, kamera yeye, waya yeye, taa yeye, na pilau akila wa mwisho.

Tarehe 9 Mei 1992 aliitwa Mabibo kwenye semina ya ndoa ya kanisa, ambako akina mama wenye vichanga waliwekwa darasani ng'ambo ya uwanja, vilio visije vikamkatiza padre, naye akavuta waya kutoka kwenye kamera ukumbini hadi televisheni iliyokuwa humo darasani, ili waone na kusikia mambo yakiwa yanaendelea. Hakuwa na mtu wa kumwambia kama picha imefika, hivyo alijifunga kamba mguuni, ncha ya pili akampa Avelina, binti wa Temeke aliyekaa humo darasani akimsaidia dada yake kubeba mmoja wa watoto wake mapacha, wakakubaliana kwamba akivuta mara moja picha imefika, mara mbili imekatika. Na ukweli usemwe, alimpenda Avelina tangu Krismasi, Temeke nzima ilijua isipokuwa Avelina mwenyewe, ila Anselmo alimwogopa kaka wa Avelina, Leonardi, aliyesimama mahali pa baba yao marehemu.

Wakati wa chai akajipa moyo, akamvuta Leonardi, aliyekuwa naye kwenye semina hiyo, pembeni ya kamera, akamwambia shemeji, mie namtaka Avelina, na kamera hakuizima, maana mtu wa peke yake hukumbuka mengi akasahau moja. Leonardi akacheka, akasema shemeji wa wapi wewe, dada yangu nimpe mwanaume anayefungwa mguu kama mbuzi wa sikukuu, huku darasani akina mama wanasikia neno kwa neno, chai zinapoa, hadi mmoja wao, ambaye jina tunamhifadhia, akasema haya bibie, jibu si unalo mkononi. Kamba ikavutwa mara moja, Anselmo nusura adondoke na kikombe.

Leonardi alinuna mpaka Agosti, akalainika, ndoa ikafungwa tarehe 21 Novemba 1992, na kwenye kanda ya harusi hiyo bwana harusi anaonekana kidogo sana, akikimbia kunyoosha kamera. Walijaliwa watoto wawili, Demetria na Fransis.

Mwaka 1997 alianza kuvimba miguu, figo zikachoka, akawa mtu wa kulazwa na kutoka, na sauti ilipomkauka, Avelina akawa anamvuta kidole cha mguu mara moja, naye anafumba macho kuitikia, hadi Jumanne tarehe 6 Oktoba 1998, alipovutwa asiitikie.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani wa Temeke, wenzake wa kiwandani, na Leonardi, aliyesimamia msiba huu wote na ambaye ameketi hapo mbele akijifanya hasikii.

Anselmo, Avelina amevuta mara moja, picha imefika, sasa fungua kamba upumzike kwa amani.