Majina Ambayo Profesa Lorna Haugen Hakuyamaliza

Profesa Lorna Haugen, dada yangu mkubwa, alizaliwa tarehe 9 Machi 1948 katika shamba la ng'ombe wa maziwa karibu na Fosston, jimbo la Minnesota. Alikuwa mkaidi tangu utotoni. Mimi mdogo wake, Arvid, ni shahidi, maana alinifundisha Kilatini kwa nguvu zizini nikiwa na miaka sita.

Mwaka 1966 alijiunga na Chuo Kikuu cha Averill, hapa Iowa. Siku ya kwanza alitia sahihi kwenye Kitabu, daftari kuu la majina ya chuo, kama kila mwanafunzi wa hapa. Siku ya mahafali, mwaka 1970, jina lake lilisomwa kutoka ukurasa uleule, naye akajibu, "Nipo!" Alichukua shahada ya uzamivu Chicago, akarudi Averill mwaka 1976 kufundisha Kilatini, na hakuondoka tena.

Mwaka 1979 alifunga ndoa na Russell Tveit, mkutubi wa chuo, wakajaliwa binti mmoja, Signe. Russell alifariki mwaka 2011.

Tangu 1983 msomaji wa Kitabu kwenye mahafali alikuwa yeye, bila kipaza sauti. Mwaka 1994 kurasa mbili ziligandamana, akamruka Dwight Petrosky. Alipogundua, wazazi wa kijana walikuwa wameshawasha gari. Dada alikimbia na joho lake, akasimama mbele ya gari, akalisoma jina.

"Nipo, Profesa," Dwight alijibu dirishani. "Tupishe basi, bibi anangoja keki."

"Bibi angoje. Shuka ujibu umesimama."

Akashuka.

Tarehe 31 Mei 2024 bodi ilifunga chuo kwa kukosa wanafunzi. Sabini na wanane walikuwa wametia sahihi na hawajahitimu. Wakatawanyika vyuo vingine. Dada aliomba siku moja tu, na viti, awasomee majina yao. Bodi ilijibu kwamba chuo hakipo, kwa hiyo mahafali hayapo. Aliandika barua tisa. Mwanamke ambaye hakulia kwenye maziko ya mumewe, nilimkuta analia mezani. Nasema waziwazi, na wanabodi mliokuja mnisikie: barua zile zilimla kabla ya ugonjwa.

Saratani ya kongosho iligunduliwa Oktoba. Akawa anashinda kutwa na Kitabu mapajani.

"Arvid, nani atawasoma?"

"Pumzika kwanza, dada."

"Nikipumzika, nani atawasoma?"

Wiki ya Pasaka alianza kuwasoma mwenyewe kitandani. Kila jina alilisoma, akanyamaza, akasubiri. Signe alipotaka kuitikia kwa niaba yao, alimkataza: "Mwenyewe ndiye ajibu." Alifika jina la kumi na tisa, sauti ikakatika. Alifariki nyumbani Jumanne, tarehe 22 Aprili 2025, akiwa na umri wa miaka sabini na saba.

Ameacha binti yake Signe, wajukuu wawili, mimi mdogo wake, na majina hamsini na tisa.

Kitabu kipo juu ya jeneza. Signe sasa atasoma yote sabini na manane, bila kipaza sauti. Sijui mmekuja wangapi. Uliyepo, simama ujibu kwa nguvu. Kwa asiyekuwepo tutanyamaza na kusubiri kidogo, kama alivyosubiri yeye.

Tukimaliza, dada apumzike.